Mdomo wa Bomba na Mdomo wa Mtu

Kila Februari mamia ya watu huingia na mitumbwi ya mashindano katika mto Msunduzi, au Dusi kwa kifupi, mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, wakijua kwamba baadhi yao watatoka na ugonjwa. Wanaujua hata kwa jina. Wapiga kasia wa KwaZulu-Natal wanauita tumbo la Dusi: kuhara na kutapika kunakomshika mtu siku moja au mbili baada ya kumeza maji ya mto, mara nyingine mashindano yenyewe yakiwa hayajaisha. Wanautaja kwa kicheko. Aliyeumwa hupigwapigwa begani kama kijana aliyetoka jandoni. Kicheko hicho kinaniudhi. Kilichomwingia mtu huyo tumboni ni kinyesi cha binadamu wenzake, na njia kilichopita inajulikana vizuri sana: ina ramani, ina uzio, ina lango lenye mlinzi, na ina watu wanaolipwa mshahara kila mwezi ili vijidudu vyake visifike mtoni vikiwa hai.

Nayapenda mashindano haya, na ndiyo maana naandika kwa hasira. Ian Player, ambaye baadaye alisifika duniani kwa kuwaokoa vifaru weupe, ndiye aliyeyaanzisha mwaka 1951. Walitoka wanane Pietermaritzburg kuelekea Durban. Akafika yeye peke yake, baada ya zaidi ya siku sita, akiwa ameumwa na nyoka njiani. Siku hizi ni safari ya siku tatu, kilomita zipatazo 120. Unashuka Msunduzi, unaingia uMngeni katika Bonde la Vilima Elfu, unatupia mtumbwi begani na kukimbia nao milimani pale mto unapozunguka mno au maporomoko yanapokuwa hayapitiki, unalivuka bwawa la Inanda, kisha unamalizia Blue Lagoon, pale uMngeni unapokutana na Bahari ya Hindi. Ulikuwa mchezo wa Wazungu wachache, na leo vijana wa Kizulu waliokulia kandokando ya mto huo ni miongoni mwa wapiga kasia wakali kabisa. Mwaka 2008 Michael Mbanjwa alishinda akiwa na Martin Dreyer katika mtumbwi wa watu wawili. Mashindano ya namna hii ni mali ya nchi. Hayastahili kupitishwa chooni.

Asiyewahi kukaa ndani ya kayaki hudhani kwamba mtu hupita juu ya maji akabaki mkavu. Tazama vizuri kinachotokea kwenye maji ya kasi. Pua ya mtumbwi inazama kwenye wimbi la kwanza, na wimbi linapanda juu ya sitaha, linampiga mtu kifuani, linamalizikia usoni. Wakati huo anahema kwa nguvu kwa sababu anavuta kasia kwa nguvu, kwa hiyo mdomo uko wazi. Mpira wa kunywea maji unaning'inia karibu na kidevu chake, kizibo chake kikiwa kimelowa povu la mto. Akipata nafuu baada ya maporomoko, anauvuta na kunyonya. Akipinduka ndiyo kabisa. Anakuwa kichwa chini, maji yanamwingia puani na kwenye sinasi, anachomoka kwenye kiti, anaburutwa juu ya mawe yanayomchuna magoti na viganja, na michubuko hiyo nayo ni milango. Hapo hakuna ujanja wa kufunga mdomo. Mtu anayezama humeza.

Sasa tuje kwenye bomba. Mtambo wa Darvill, unaosafisha majitaka ya Pietermaritzburg, uko upande wa mashariki wa mji, na maji yake huingia Msunduzi. Mashindano huanzia Camps Drift, juu kidogo, kwa hiyo kila mshindani hupita hapo asubuhi ya siku ya kwanza, na kilomita zote zilizobaki hadi makutano ya mito miwili anapiga kasia katika maji yaliyochanganyika na ya mtambo huo. Mtambo ulijengwa kubeba lita milioni 65 kwa siku, mji ukauzidi, ukapanuliwa hadi lita milioni 100 kwa kazi iliyochukua miaka mingi. Sipingi mtambo. Bila mtambo hali ingekuwa mbaya mara mia. Ninachopinga ni ile kauli ya maofisa kwamba maji yakishapita mtamboni basi habari imekwisha, na mtu akiugua atafute pengine pa kulaumu.

Mtambo wa kawaida wa majitaka unafanya kazi gani? Unachuja takataka kubwa, unatuamisha mchanga na tope, kisha unapuliza hewa ili bakteria wale uchafu uliobaki, halafu tope linazama tena na maji yanayoonekana meupe yanatoka juu. Hadi hapo samaki wamesaidiwa, kwa sababu kilichoondolewa hasa ni kile kinachomaliza oksijeni ya mto. Tumbo la binadamu bado halijasaidiwa vya kutosha. Vijidudu vingi bado vimo. Kuviua ni hatua nyingine, ya mwisho, na katika mitambo mingi ya Afrika Kusini hatua hiyo ni klorini. Klorini inataka muda wa kukaa na maji, na inataka maji yasiwe na tope. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita mtamboni kwa kasi kuliko ilivyopangwa, muda unapungua, chembe za tope zinavikinga vijidudu, na kinachotoka kwenye bomba kimeguswa tu na dawa. Februari ni mwezi wa mvua KwaZulu-Natal. Na hata siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa, kuna vimelea kama cryptosporidium ambavyo klorini haiviwezi.

Tuseme basi mtambo umetimiza sheria herufi kwa herufi. Kiwango cha jumla cha Afrika Kusini kwa maji yanayomwagwa mtoni kinaruhusu bakteria wa kinyesi 1,000 katika kila mililita 100. Soma tena tarakimu hiyo. Funda moja la mililita 20, ambalo mtu aliyepinduka hulimeza bila kujua, linaweza kuwa na bakteria 200 na bado kila karatasi ofisini ikawa safi. Nchi hiyohiyo, katika mwongozo wake wa mwaka 1996 wa maji ya michezo, inasema mtu anayezamisha mwili mzima anapaswa kukaa chini ya 130 kwa mililita 100. Kwa nini basi wapiga kasia hawalindwi na hiyo 130? Kwa sababu mwongozo umewaweka katika kundi la wanaogusa maji kiasi, pamoja na wavuvi wa ndoana, na kundi hilo limeruhusiwa hadi 1,000. Aliyeandika hivyo alikuwa akimfikiria mtu anayeteleza ziwani jioni bila hata kulowesha kofia. Mtu anayeshuka maporomoko ya Msunduzi ni mwogeleaji mwenye chombo, na kumhesabu vingine ni kumdanganya.

Tena hizo namba zenyewe zinahesabu kiumbe kisicho mkosaji mkuu. Bakteria wa kinyesi wanapimwa kwa kuwa ni rahisi kuwapima, wakawa dalili ya kwamba kinyesi kimepita hapo. Wanaomlaza mtu mara nyingi ni virusi. Mwaka 1992 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kuhusu jambo hilihili. Watafiti walichukua mikondo miwili ya kayaki za maji ya kasi, mmoja ukilishwa na mto wa nyanda za chini unaobeba maji ya mitambo ya majitaka, mwingine na bwawa la milimani. Katika ule wa kwanza bakteria walikuwa wastani wa 285 kwa mililita 100, idadi ambayo wakaguzi wengi wangeipitisha bila kukunja uso. Lakini maji hayo yalijaa virusi vya utumbo, ilhali yale ya milimani hayakuwa navyo hata kimoja. Siku ya tano hadi ya saba baadaye, waliopiga kasia kwenye mkondo wa kwanza walikuwa wameugua tumbo na mfumo wa hewa kwa kiwango kilichozidi waziwazi wenzao wa milimani na watazamaji waliobaki ukingoni. Watafiti wakahitimisha kwamba hesabu ya bakteria haionyeshi hatari anayoikabili mtumiaji wa maji. Zaidi ya miaka 30 imepita. Watu wamestaafu, watoto wao wamekuwa wahandisi wa maji, na bado mpiga kasia anaonyeshwa hesabu ya bakteria na kuambiwa atulie.

Najua jibu litakaloletwa, na lina ukweli ndani yake: kwamba kinyesi kingi hakitoki Darvill, kinatoka juu zaidi. Msunduzi unapita bonde la Edendale kabla ya kuufikia mji. Huko mabomba yamechoka, chemba zinafumuka, na majitaka mabichi yanatiririka kwenye vijito bila kuuona mtambo kabisa. Pampu zikizimwa na mgao wa umeme, kama ilivyotokea nchi nzima mwaka 2022 na 2023, majitaka hayasubiri umeme urudi. Ni kweli yote hayo. Ila mtandao wa mabomba ni wa halmashauri ya mji, na mtambo unaendeshwa na mamlaka ya maji ya serikali, na mgawanyo huo ndio mwanya. Mwenye mtambo anaweza kunyoosha kidole juu mtoni, mwenye mabomba anaweza kusema bajeti haitoshi, na mtu aliyelala na dripu mkononi hana wa kumuuliza. Ripoti ya serikali yenyewe ya mwaka 2022 iliikagua mifumo 850 ya majitaka ya halmashauri na kuikuta 334 katika hali mahututi. Hiyo ni asilimia 39. Mwaka 2013 ilikuwa 248. Waliokuwa na miaka tisa ya kurekebisha waliitumia kuharibu.

Sasa zamu ya wapiga kasia wenyewe, ndugu zangu katika mchezo huu, kwa kuwa ninyi mna sauti na mmeitumia nusu. Mnafundishana kutolamba midomo. Mnafundishana kufunika mpira wa kunywea, kunywa soda ya kola ukipinduka, kumeza vidonge vya kichocho kila mwaka baada ya msimu. Elimu hiyo yote inahusu namna ya kuishi na uchafu, na kila kizazi kinaikabidhi kwa kinachofuata kana kwamba mto uliumbwa hivyo. Haukuumbwa hivyo! Baadhi yenu mliliona hilo, mkaanzisha shirika la kuhifadhi mito ya Msunduzi na uMngeni, mkaajiri watu wa vijijini kutembea kando ya mto, kung'oa magugu, kuripoti chemba zinazofurika. Hiyo ndiyo kazi ya kiume na ya kike. Lakini wengi bado mnaugua Jumapili na Jumatatu mnasimulia kama hadithi ya vita. Daktari akikuhudumia, mwambie aandike ulipotoka. Ugonjwa usioandikwa hauna uzito kwenye meza ya ofisa yeyote, na kicheko chenu kimewasaidia maofisa kuliko wakili yeyote ambaye wangemlipa.

Msione kwamba nawagombeza kwa ajili ya matumbo yenu tu. Ninyi mnapita. Mnapita kwa kasi, mna jaketi okozi, mna daktari kwenye kituo cha kulala, mna gari linalowasubiri Blue Lagoon na maji ya moto nyumbani. Katika Bonde la Vilima Elfu, KwaXimba na vijiji vingine kandokando ya mto, kuna watoto wanaosimama ukingoni kuwashangilia, na mkishapita wanaruka majini kuogelea. Kuna mama anayefua hapo, anayechota hapo bomba la kijiji likikauka. Hao hawakujaza fomu ya kukubali hatari. Hawatapewa medali. Mtoto wa miaka miwili akishikwa na kuhara hupungukiwa maji mwilini kwa saa chache tu, na hapo ndipo jina la mzaha linapoonekana lilivyo la kikatili. Msunduzi na uMngeni ikishaungana, maji hayo yanaingia bwawa la Inanda, ambako gugumaji linanenepa kwa mbolea ya majitaka, na kutoka Inanda Durban huchota maji yake ya kunywa. Husafishwa kabla ya kufika bombani, ndiyo. Na kadiri yanavyofika machafu ndivyo usafishaji unavyokuwa ghali, na ankara anailipa mkazi wa Durban.

Mwisho wa safari nao si salama. Mtambo mwingine wa majitaka, ule wa kaskazini mwa Durban, unamwaga kwenye uMngeni karibu na bahari. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo hilo na kuivunjavunja miundombinu ya majitaka. Fukwe za Durban zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Simlaumu mtu kwa mvua. Nawalaumu waliokuta mitambo tayari inachechemea kabla ya mvua, wakanyamaza.

Kwamba fedha hakuna, sikubali. Kwa miaka mingi Chicago ilimwaga mtoni maji ya mitambo yake mikubwa bila kuua vijidudu, na maji hayo ndiyo sehemu kubwa ya mto wenyewe. Watu walipoanza kushuka na kayaki zao kwa wingi, mwaka 2011 serikali kuu ya Marekani ikaamuru mambo yabadilike. Kufikia 2016 mtambo mmoja ulikuwa unatumia klorini na mwingine miale ya urujuanimno. Paris ilikataza kuogelea katika Seine tangu mwaka 1923. Kwa ajili ya Olimpiki ya 2024 ilichimba tangi la chini ya ardhi la kushika maji ya mvua, mita za ujazo 50,000, na ikaongeza hatua ya kuua vijidudu kwenye mitambo ya Valenton na Noisy-le-Grand. Mvua iliponyesha na vipimo vikapanda, triathloni ya wanaume ilisogezwa kutoka 30 Julai hadi 31, mbele ya kamera za dunia nzima, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Tarehe 5 Julai 2025 wananchi wa kawaida wakaruka majini. Afrika Kusini haina hazina ya Ufaransa, naelewa. Lakini klorini si almasi. Jenereta ya kituo cha pampu si Olimpiki. Fundi wa kuziba chemba Edendale anapatikana Edendale, hana kazi, na anasubiri kuitwa.

Msomaji wa Nairobi asidhani namsimulia habari za ugenini. Maji ya mtambo wa Dandora, kule Ruai, huingia mto Nairobi, mto Nairobi huingia Athi, na Athi hushuka ukiitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini kaskazini ya Malindi. Huko hakuna mashindano ya kuvuta kamera. Kuna watu wanaooga, wanaonywesha ng'ombe na kumwagilia sukuma wiki inayorudi sokoni mjini.

Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya mazingira yasiyodhuru afya yake. Kwa hiyo haya nisemayo si maombi. Wapiga kasia wa maji ya kasi waondolewe kwenye kundi la wavuvi wa ndoana na wahesabiwe na waogeleaji, kwa kiwango cha 130. Virusi vipimwe pamoja na bakteria, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Kila kituo cha pampu juu ya Camps Drift kiwe na umeme wa akiba, na kikisimama, jina la kituo na saa kiliposimama vitangazwe siku hiyohiyo. Waandaaji wataje kabla ya msimu kipimo ambacho kikivukwa mashindano hayaanzi, na wapiga kasia, hasa mabingwa ambao wadhamini wanawataka kwenye picha, watamke hadharani kwamba kikivukwa hawataingia majini. Bingwa mmoja akikaa ukingoni na mtumbwi wake mbele ya televisheni, simu zitapigwa Pretoria kabla ya saa sita mchana.

Na vipimo hivyo visibandikwe Camps Drift peke yake, kwenye ubao wa klabu. Vibandikwe shuleni na zahanati za KwaXimba, kwa Kizulu, kila wiki ya mwaka, pamoja na namba ya simu ya ofisa anayewajibika kwa bomba lile.